Mgonjwa wa saratani akilazwa na korona: ulizeni habari ya damu kuganda siku hiyo hiyo

#1 Muuguzi wa Zamu (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu. Uzi huu ni mrefu, naomba mnivumilie. Nimeuahirisha kwa muda mrefu kwa sababu kila nikianza kuuandika namkumbuka mama mmoja aliyelala kitanda cha dirishani kwenye wodi yetu ya korona.

Alikuwa na saratani ya kongosho, na kemo (dawa kali za kuua seli za saratani) ya mwisho aliipata wiki tatu kabla ya kulazwa. Aliingia akiwa kwenye oksijeni ya lita sita kwa dakika. Siku ya tano tulikuwa tumeishusha hadi lita mbili na alishaanza kuulizia kurudi nyumbani. Siku ya sita alfajiri aliinuka kwenda msalani. Hakufika mlangoni. Alishika kifua, akakaa chini, hakuinuka tena. Bonge la damu lilikuwa limeng'oka kwenye mshipa wa mguu, likapita moyoni, likaziba mshipa mkubwa unaopeleka damu mapafuni.

Nilipozungumza na binti yake alinieleza kuwa mama alimlalamikia kwa simu siku mbili kabla: mguu wa kushoto unabana kama amevaa soksi ya mtoto. Walidhani ni kulala sana. Sisi hatukuuona, miguu ilikuwa chini ya blanketi na macho yetu yote yalikuwa kwenye namba za oksijeni. Nikafungua faili. Sindano ya kuzuia damu kuganda ilisimamishwa siku ya pili kwa kuwa chembe sahani (zile chembe za damu zinazosaidia kuigandisha) zilishuka baada ya kemo. Siku ya nne zilikuwa zimepanda vizuri. Hakuna aliyeirudisha. Madaktari wa zamu walikuwa wamebadilishana mara tatu, na mimi niliyegawa dawa nilipita juu ya mstari uliokatwa bila kuuliza.

Ndiyo maana naandika. Saratani peke yake inagandisha damu. Korona peke yake inagandisha damu. Vikikutana kwa mtu mmoja aliyelala kitandani, familia inatakiwa kuuliza kuhusu damu kuganda siku ya kwanza, na iendelee kuuliza kila kitu kinapobadilika.

Nianze na saratani. Mfaransa Armand Trousseau alieleza mwaka 1865 kwamba watu wenye saratani iliyojificha hupatwa na mishipa kuvimba na kuziba bila sababu ya wazi. Miaka miwili baadaye aliona dalili hiyo hiyo mwilini mwake, akatambua kwamba ana saratani, na akafa nayo mwaka huo huo wa 1867. Utafiti mmoja mkubwa wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta wenye saratani wana hatari ya damu kuganda kwenye vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) kama mara 7 ya wasio nayo. Saratani hazilingani katika hili. Kongosho na tumbo ndizo zinazoongoza. Mapafu, limfoma (saratani ya mitoki), kibofu cha mkojo na viungo vya uzazi vya mwanamke hufuata.

Sababu ni kwamba seli za saratani hutoa protini inayoitwa tishu fakta, ileile ambayo mwili huitumia kuanzisha ugandaji pale unapojikata. Yaani mwili unapewa ishara ya jeraha wakati jeraha halipo. Juu yake weka uvimbe unaokandamiza mishipa, katheta (mrija) iliyowekwa kwenye mshipa mkubwa kwa ajili ya kemo, upasuaji, na baadhi ya dawa zenyewe: sisplatini, tamoksifeni, thalidomaidi na nduguye lenalidomaidi.

Sasa korona. Kirusi hiki huanzia kwenye njia ya hewa, lakini vurugu yake haibaki hapo. Ukuta wa ndani wa mishipa ya damu, ambao kwa kawaida ni laini na huzuia damu isigande ovyo, huchubuka na kuwaka. Kinga ya mwili humwaga kemikali za uvimbe kwa fujo. Chembe nyeupe hutema nyuzi za vinasaba vyake kama nyavu, na nyavu hizo hunasa chembe sahani. Ini huongeza utengenezaji wa faibrinojeni, malighafi ya bonge lenyewe. Mwaka 2020 wataalamu walipochunguza mapafu ya waliokufa kwa korona na kuyalinganisha na ya waliokufa kwa mafua makali, walikuta mabonge madogo kwenye mishipa myembamba ya mapafu yakiwa mengi mara 9 kwa wale wa korona. Mwaka huo huo Uholanzi iliripoti wagonjwa 184 wa korona waliokuwa mahututi: kama 31 kwa kila 100 walipata tatizo la damu kuganda, ingawa wote walikuwa wanapewa dawa ya kinga.

Mjerumani Rudolf Virchow alishaeleza katika karne ya 19 mambo matatu yanayogandisha damu: mshipa uliojeruhiwa, damu isiyotembea vizuri, na damu yenyewe iliyo tayari kuganda. Mgonjwa wangu wa dirishani alikuwa nayo yote matatu, na mawili kati ya hayo yalikuwa yamesababishwa na magonjwa mawili kwa pamoja.

Nitaendelea na habari ya dozi. Kwa sasa naomba maswali.

#2 Mpita Njia

Mkuu, pole sana kwa hilo. Swali langu: hii korona si imekwisha? Sisikii tena mtu akiitaja.

#3 Muuguzi wa Zamu

Asante mkuu. Kilichokwisha ni hali ya dharura ya dunia, Shirika la Afya Duniani lilitangaza hivyo tarehe 5 Mei 2023. Kirusi chenyewe kinaendelea kuzunguka. Wengi wetu kinatupitia kama mafua kwa sababu tuna kinga ya chanjo au ya maambukizi ya nyuma. Mtu aliye kwenye kemo, mwenye saratani ya damu, au aliyepandikizwa uboho, kinga hiyo anaweza kuwa nayo kidogo au asiwe nayo kabisa. Hao ndio bado wanalazwa nayo. Na hofu ya watu ilipopungua, umakini wodini nao ukapungua. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko kirusi chenyewe.

#4 Binti wa Kwanza

Dada muuguzi, nimesoma huku mikono inatetemeka. Baba yangu ana saratani ya uboho, maieloma, yuko kwenye vidonge vya lenalidomaidi na amekuwa akimeza aspirini kila siku. Juzi amelazwa na korona, yuko kwenye oksijeni. Nimeuliza kuhusu sindano ya damu nikaambiwa "si yuko kwenye aspirini?" Hilo ni jibu la kutosha? Sitaki kugombana na watu wanaomtibu.

#5 Muuguzi wa Zamu

Binti, pole sana, na umefanya vyema kuuliza. Kuuliza si ugomvi.

Aspirini na heparini, yaani ile sindano ya kuzuia damu kuganda, hazifanyi kazi moja. Aspirini inazuia chembe sahani zisishikamane, na inasaidia zaidi kwenye ateri, mishipa inayotoa damu moyoni. Mabonge ya miguuni na mapafuni hujengwa zaidi na mfumo wa protini za ugandaji, na huko ndiko heparini inakofanya kazi. Kwa mgonjwa wa maieloma anayeishi nyumbani na ambaye hatari yake si kubwa, aspirini hukubalika kama kinga. Baba yako sasa hayuko kwenye hali hiyo. Amelala, ana maambukizi, ana uvimbe wa mwili mzima. Tena utafiti wa RECOVERY wa Uingereza uliwajaribu wagonjwa wa korona karibu 15,000 waliolazwa, na aspirini haikupunguza vifo.

Omba dakika tano na daktari anayemhusu, si wa zamu anayepita. Muulize hivi, kwa utulivu: baba ana maieloma na anatumia lenalidomaidi, je, lenalidomaidi iendelee au isimame wakati huu wa maambukizi? Je, kuna sababu ya kutompa heparini ya kinga, na kama ipo ni ipi? Je, aspirini iendelee pamoja na sindano au ipumzishwe? Chembe sahani zake na figo zake leo ziko wapi? Usimsimamishie dawa yoyote wewe mwenyewe.

Na leo hii, kabla hujaondoka wodini, funua blanketi umwangalie miguu yote miwili kwa pamoja.

#6 Kijana wa Maabara

Naomba kuchangia upande wa vipimo maana naona watu wengi wanapokea karatasi yenye D-daima imepanda wanaingiwa na hofu, au kinyume chake wanapuuza.

D-daima ni vipande vinavyobaki mwili unapoyeyusha bonge. Ikiwa chini, daktari anaweza kuitumia kuondoa wasiwasi kwa mtu mwenye afya. Lakini mgonjwa wa saratani huwa nayo juu hata bila bonge lolote, na mgonjwa wa korona vilevile. Kwa hiyo kwa mtu mwenye vyote viwili, namba moja iliyo juu haithibitishi kuwa amepata bonge. Yenye maana zaidi ni mwenendo: ilikuwa kiasi fulani Jumatatu, Alhamisi imeruka mara kadhaa, na wakati huo huo anahema zaidi. Hapo apelekwe kwenye picha, ultrasaundi ya Doppler kwa mguu au CT skani ya mishipa ya mapafu yenye dawa ya kung'arisha.

Chembe sahani kawaida huwa kati ya 150,000 na 450,000 kwa mikrolita. Ombeni nakala ya kila majibu, pigeni picha. Mkibadilishiwa daktari, historia inabaki mikononi mwenu.

#7 Mjumbe Mpya

Mimi nasema tu ukweli wangu. Hawa wote waliogandisha damu ni chanjo. Mjomba alichanja, kisha akapata bonge.

#8 Muuguzi wa Zamu

Ndugu, pole kwa mjomba, na sitakukejeli kwa sababu jambo hili lina chembe ya ukweli inayostahili kusemwa sawasawa. Mwaka 2021 ilithibitika kwamba chanjo ya AstraZeneca, na ile ya Johnson & Johnson, ziliweza kuleta aina nadra sana ya mabonge yanayoambatana na chembe sahani kushuka. Mamlaka za dawa zilitangaza hadharani na nchi nyingi zikabadilisha matumizi yake. Chanjo za Pfizer na Moderna hazikuhusishwa na tatizo hilo.

Lakini wagonjwa ninaowazungumzia walianza kuganda damu mwezi Machi na Aprili 2020, kabla chanjo yoyote haijatoka. Na hatari inayotokana na kirusi chenyewe kwa mtu aliyelazwa ni kubwa kupita kiasi ukilinganisha na hiyo. Mgonjwa wa saratani anayeogopa chanjo aizungumze na daktari wake wa saratani, asiikimbie.

Turudi kwenye mada.

#9 Mfamasia Mstaafu

Mleta uzi, hongera kwa kuandika. Niruhusu nichukue sehemu ya dozi, kwani ndipo niliposhuhudia makosa ya pande zote mbili.

Mwaka 2020 hofu ilipokuwa kubwa, baadhi ya madaktari waliona wagonjwa wanaganda hata wakiwa kwenye dozi ndogo ya kinga. Wakasema dawa ya moto ni moto, tuwape wote dozi kamili ya tiba. Wengine wakakataa. Ikabidi majaribio makubwa yaamue, na majibu yaliyochapishwa Agosti 2021 yalishangaza wengi. Majaribio matatu yaliyounganishwa, ATTACC, ACTIV-4a na REMAP-CAP, yalionyesha kwamba kwa waliolazwa ambao bado hawajawa mahututi, heparini ya dozi kamili ilisaidia kidogo: kama 80 kwa kila 100 waliruhusiwa wakiwa hai bila kuhitaji mashine za kusaidia mapafu au moyo, dhidi ya 76 kwa dozi ya kinga. Kwa waliokwisha kuwa mahututi, dozi kamili haikusaidia. Inaelekea katika hatua hiyo mabonge madogo yameshajengeka na mapafu yameshaumia, na dawa inabakiza upande wake mmoja, kutoa damu.

Na kutoa damu kulikuwapo. Hata kwa wasio mahututi, damu nyingi ilitoka kwa 1.9 kwa kila 100 waliopewa dozi kamili, dhidi ya 0.9 kwa dozi ya kinga.

Sasa msikilize hapa wenye wagonjwa wa saratani. Majaribio hayo yaliwaacha nje watu walio katika hatari kubwa ya kutoa damu. Mgonjwa wa saratani mara nyingi yumo kwenye kundi hilo: chembe sahani zimeshuka kwa kemo, kuna kidonda cha saratani tumboni au utumboni, kuna saratani iliyosambaa hadi ubongoni, ini halitengenezi protini vizuri. Kwa hiyo huwezi kuchukua matokeo ya watu wengine ukamvalisha yeye kama shati la kuazima. Dozi ndogo ya kinga ndiyo msingi kwa karibu kila aliyelazwa, na Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Januari 2021 kwa wagonjwa wa korona waliolazwa. Dozi kamili bila bonge lililothibitishwa ni uamuzi wa mgonjwa mmoja mmoja, baada ya kupima.

Kinga ya kawaida ni enoksaparini, aina ya heparini, miligramu 40 mara moja kwa siku, sindano ya chini ya ngozi ya tumbo. Figo zikiwa dhaifu hupunguzwa au hutumika heparini ya kawaida. Chembe sahani zikiwa chini ya 50,000 madaktari huanza kusita, zikiwa chini ya 25,000 kwa kawaida husimamisha. Sindano ikisimamishwa, kuna mikanda ya mashine inayominya miguu kwa zamu. Muulizieni hiyo, wengi huisahau.

#10 Muuguzi wa Zamu

Mzee, hapo kwenye "husimamisha" ndipo ninapotaka niweke jiwe. Yule mama hakufa kwa sababu sindano ilisimamishwa. Kuisimamisha kulikuwa sahihi siku ile. Tatizo ni kwamba tuliandika "simamisha" bila kuandika "pima tena lini". Tangu hapo, kila sindano ya damu inayokatwa kwenye chati yangu naandika pembeni yake tarehe ya kuiangalia upya. Na familia inaweza kuuliza swali hilo hilo: imesimama, sawa, itaangaliwa tena lini na kwa kipimo gani?

#11 Mpita Njia

Mzee mfamasia, nimesikia hizi sindano zinatokana na nguruwe. Ni kweli? Na kuna ndugu yangu anatumia vidonge vya kuzuia damu kuganda nyumbani kwa sababu ya saratani. Akipata korona anaendelea navyo?

#12 Mfamasia Mstaafu

Ni kweli. Heparini, ambayo iligunduliwa mwaka 1916, leo hutolewa zaidi kwenye utando wa utumbo wa nguruwe, na enoksaparini hutengenezwa kutokana nayo. Mwenye pingamizi aseme mapema, si baada ya siku tatu za kukataa sindano kimyakimya. Ipo fondaparinaksi ambayo hutengenezwa maabara tupu, ingawa nayo haiwafai wenye figo dhaifu.

Swali la pili ni zito na nashukuru umeliuliza. Vidonge kama rivaroksabani na apiksabani huvunjwavunjwa na vimeng'enya vya ini. Dawa ya korona iitwayo Paxlovid ina ritonaviri ndani yake, na kazi ya ritonaviri ni kuvizima vimeng'enya hivyo hivyo. Matokeo yake kidonge cha damu hakivunjwi, kinarundikana, na mtu anaanza kutoa damu. Nimeona mgonjwa aliyepewa vyote viwili na watu wawili wasiojuana, mmoja kliniki ya saratani, mwingine dirisha la dawa za korona. Kila mmoja alikuwa sahihi peke yake. Alitoa damu puani usiku kucha hadi akafikishwa hospitali.

Kwa hiyo ndugu yako asiache vidonge, maana kuviacha ghafla kunarudisha hatari ya bonge, na asianze Paxlovid kabla anayeiandika hajaona orodha nzima ya dawa zake. Baadhi ya dawa za saratani nazo hugongana na ritonaviri kwa njia hiyo hiyo. Mara nyingi aliyelazwa huhamishwa kutoka vidonge kwenda sindano kwa muda, kwa sababu sindano haipiti kwenye vimeng'enya hivyo na inaweza kusimamishwa haraka ikibidi.

Jambo la nyongeza: mtu akiwa kwenye heparini, chembe sahani zipimwe tena hasa kati ya siku ya 5 na ya 10. Kuna wachache ambao mwili wao huikataa heparini, chembe sahani zikaporomoka nusu au zaidi, na badala ya kutoa damu wakaganda zaidi. Kwa mgonjwa wa kemo ni rahisi kusema "ah, ni kemo" na kuikosa.

#13 Binti wa Kwanza

Nimerudi. Jana jioni nilifunua blanketi kama ulivyosema. Paja na kigimbi cha mguu wa kushoto vimekuwa vinene kuliko vya kulia, ngozi ina joto. Nilimwita muuguzi, akamwita daktari, akaagiza Doppler asubuhi. Kuna bonge kwenye vena ya paja. Mapafu wamempiga CT, hakuna kitu kikubwa. Daktari alinishukuru, na aliniambia hata yeye aliona neno "aspirini" kwenye faili akaliamini. Wameanza enoksaparini ya dozi kamili kwa kilo zake, mara mbili kwa siku. Lenalidomaidi wameisimamisha kwa sasa, na aspirini pia. Chembe sahani 88,000.

Nina maswali mawili. Je, anaruhusiwa kutembea au bonge litang'oka? Na hii sindano ni mpaka lini?

#14 Muuguzi wa Zamu

Binti, nimesoma ujumbe wako nikakaa chini. Asante kwa kuturudia.

Kutembea: akishaanza dawa ya dozi kamili na hali yake ikiwa imetulia, kuinuka na kutembea taratibu kunaruhusiwa na kunasaidia, ili mradi oksijeni yake inavumilia na yupo mtu wa kumshika. Ile imani ya zamani ya kumfunga mgonjwa kitandani wiki nzima haina msingi. Ila daktari wake ndiye atoe ruhusa ya siku ya kwanza. Mguu ukandwe? Hapana. Msimkande kabisa.

Muda: kwa mgonjwa wa saratani mwenye bonge, kawaida ni miezi mitatu hadi sita kwa uchache, na huendelea zaidi saratani ikiwa bado hai au dawa zake zikiwa zinaendelea. Baadaye anaweza kuhamishiwa vidonge, hilo litategemea figo, chembe sahani na dawa atakazorudi kuzitumia. Wakitaka kumrudishia lenalidomaidi, lazima kinga ya damu ipangwe siku hiyo hiyo.

Mwangalieni pia upande wa pili: kinyesi cheusi kama lami, damu kwenye mkojo, kichwa kuuma ghafla kusiko kwa kawaida, michubuko mipya. Chembe sahani 88,000 zinaruhusu dozi kamili, ila zinahitaji kupimwa mara kwa mara. Zikiteremka kuelekea 50,000, ulizeni kabla ya sindano inayofuata.

Na endapo atahema ghafla kuliko jana, kifua kikamchoma akivuta pumzi, akakohoa damu, moyo ukaenda mbio au akazimia, msisubiri raundi ya asubuhi.

#15 Kijana wa Maabara

Dada muuguzi, je, kuna takwimu zozote za watu kama baba yake, wenye saratani na korona kwa pamoja? Nilizozoea ni za kila kimoja peke yake.

#16 Muuguzi wa Zamu

Zipo. Rejista ya COVID-19 and Cancer Consortium, muungano unaokusanya taarifa za wagonjwa wa aina hiyo, ilichambua wagonjwa zaidi ya 2,800 wa saratani waliolazwa na korona mwaka 2020. Kama 8 kwa kila 100 walipata bonge kwenye vena, na kama 4 kwa kila 100 kwenye ateri, ambako ndiko zinakotoka kiharusi na moyo kuziba. Waliokuwa wametumia dawa za saratani karibuni walipata zaidi mabonge ya vena. Aliyewahi kupata bonge zamani alikuwa hatarini zaidi, na aliyeingizwa chumba cha wagonjwa mahututi vilevile. Aina ya saratani nayo ilihesabika.

Mimi nikisoma namba hizo naona kitu kimoja cha kufanya wodini: swali "umewahi kupata bonge la damu?" liulizwe mlangoni, pamoja na "una mzio wa dawa gani?" Sasa hivi tunauliza la mzio tu.

#17 Mpita Njia

Akisharuhusiwa je? Maana wengi tunaona akitoka tu hospitali ndiyo basi.

#18 Mfamasia Mstaafu

Hatari haiishii mlangoni. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia zaidi ya watu milioni moja waliopata korona, ulionyesha hatari ya bonge la mguu kubaki juu hadi miezi mitatu, na la mapafu hadi miezi sita. Kulikuwa na jaribio la Brazili, MICHELLE, lililowapa wagonjwa wa hatari kubwa rivaroksabani miligramu 10 kwa siku 35 baada ya kutoka. Matukio yalikuwa 3 kwa kila 100 dhidi ya 9 kwa wasiopewa. Walikuwa wagonjwa 318 tu, kwa hiyo sisemi kila mtu apewe. Nasema kwa mwenye saratani lile swali liulizwe siku ya kuruhusiwa: je, anatoka na dawa ya kinga au hapana, na kwa nini? Mwenye saratani ya tumbo au ya njia ya mkojo vidonge hivi vinaweza kumtoa damu kwenye uvimbe wenyewe, hapo sindano huwa salama zaidi.

Na kwenye karatasi ya kuruhusiwa jina la dawa liandikwe pamoja na tarehe ya mwisho. "Endelea na dawa" si maelekezo.

#19 Mjumbe Mpya

Dada muuguzi, nimeelewa ulichonijibu. Mjomba alikuwa na saratani ya tumbo. Hakuna aliyetuambia kwamba inahusiana.

#20 Muuguzi wa Zamu

Pole sana ndugu yangu. Mngepaswa kuambiwa.

#21 Binti wa Kwanza

Siku ya tisa leo. Oksijeni imeondolewa tangu jana. Chembe sahani 104,000. Baba ametembea kutoka kitandani hadi dirishani na kurudi, mara mbili, nikiwa nimemshika kiwiko. Nimempima miguu kwa utepe wa fundi cherehani, sehemu ile ile niliyoiwekea alama ya kalamu: kushoto imepungua sentimita moja na nusu. Nimeandika kwenye daftari, chini ya saa ya sindano ya asubuhi. Kesho daktari wa saratani anakuja, na swali la lenalidomaidi nimeshaliandika juu ya ukurasa.